Chama kinaongoza kwa viti, halafu kinakaa upinzani: inakuwaje?

Kwenye kijiwe cha kahawa ninachokaa hapa Moshi, jirani na Soko la Mbuyuni, kuna ubao wa drafti usiokosa wachezaji. Kete zake ni vizibo vya soda, kumi na viwili vimelazwa kifudifudi na kumi na viwili chali. Wiki iliyopita mchezo ulisimama katikati. Kijana mmoja wa bodaboda alizima pikipiki yake, akanisogelea na simu mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Hebu tuamulie. Kaka yangu yuko Toronto, tunabishana tangu jana. Anasema kule chama kinaweza kuongoza kwa viti vya ubunge, halafu wa pili na wa tatu wakaungana, wao ndio wakaunda serikali. Na sheria inaruhusu! Mimi nimemwambia huo ni wizi."

"Ni wizi," akaitikia mzee aliyekuwa anacheza, bila kuinua macho kwenye ubao.

Nimefundisha Uraia kwa miaka mingi na swali hili nimekutana nalo kila mara. Anayeliuliza si mjinga. Sisi tumekulia kwenye uchaguzi wa Rais, na tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, mgombea urais wa Tanzania anatangazwa mshindi kwa kupata kura nyingi kuliko mwingine yeyote, hata kama hazifiki nusu. Ukimzidi mwenzako kwa kura moja, umechukua. Kwa macho hayo, wa pili na wa tatu kushika nchi lazima kuonekane dhuluma. Tatizo ni kwamba macho hayo tunayatumia kutazama uchaguzi wa aina nyingine kabisa.

Niliomba ubao. Wachezaji walinung'unika kidogo, wakanipa. Nikakusanya vizibo vyote ishirini na vinne, nikawaambia: hili ndilo Bunge. Nikagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza vizibo kumi na kimoja, la pili vinane, la tatu vitano.

"Nani ameshinda?"

"Wa kumi na moja," wakasema wote.

"Haya, aunde serikali. Kesho analeta bajeti. Wake kumi na moja wanasema ndiyo. Wale wanane wanasema hapana, na wale watano wanasema hapana. Hesabuni."

Kijana wa bodaboda alihesabu kwa kidole, kizibo kimoja kimoja, mpaka kumi na tatu. Kumi na moja kwa kumi na tatu. Bajeti imeanguka. Mishahara ya walimu hailipwi, dawa hazinunuliwi, barabara haijengwi. Serikali ipo kwa jina tu.

Hapo ndipo penye kiini chote. Katika mfumo wa kibunge mwananchi hachagui serikali. Anachagua mbunge, na wabunge wakishakusanyika ndio wanaoamua nani awaongoze. Waziri Mkuu anatawala kwa sababu wabunge zaidi ya nusu wako tayari kumuunga mkono. Siku wasipokuwa tayari, anaondoka, hata kama ameshika ofisi kwa miezi miwili tu. Hiyo ndiyo maana ya kura ya imani na kura ya kutokuwa na imani. Kwa hiyo swali ambalo Bunge la namna hiyo linajiuliza usiku wa matokeo ni dogo na kavu: ni nani anaweza kusimama hapa mbele asiangushwe?

Na lugha yetu inatutega. Tunasema "wengi" kwa mambo mawili tofauti. Chama cha vizibo kumi na kimoja kina wabunge wengi kuliko chama kingine chochote. Lakini hakina wabunge walio wengi, maana walio wengi ndani ya watu ishirini na wanne wanaanzia kumi na tatu. Kuongoza ni jambo moja, kuwa na zaidi ya nusu ni jambo lingine. Mtangazaji wa redio akisema "chama fulani kimepata viti vingi", msikilizaji anasikia kwamba kimeshinda, na ugomvi unaanzia hapo hapo.

Sasa turudi kwa yule kaka wa Toronto, kwa sababu Kanada ndiko lilikotokea tukio ambalo mimi hulitumia kila ninapofundisha mada hii.

Oktoba 14, 2008, Wakanada walichagua wabunge 308. Conservative cha Stephen Harper kilipata viti 143. Liberal cha Stéphane Dion kilipata 77, Bloc Québécois cha Gilles Duceppe 49, na New Democratic Party ya Jack Layton 37. Viwili vilikwenda kwa wagombea binafsi. Ili kupata zaidi ya nusu ulihitaji 155. Harper alikuwa ameongoza kwa mbali, lakini alipungukiwa viti 12. Hakutafuta mshirika. Aliunda serikali ya wachache, yaani serikali inayoishi kwa kutegemea kwamba wapinzani hawataungana kuiangusha.

Kwa kawaida hawaungani. Lakini Novemba 27, wakati mabenki ya dunia yanayumba, waziri wake wa fedha Jim Flaherty alisoma taarifa ya uchumi ambayo wapinzani walisema haina dawa ya mgogoro huo. Ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja kilichowachoma moja kwa moja: kufuta ruzuku ya vyama. Kila chama kilikuwa kinalipwa karibu dola 2 kwa mwaka kwa kila kura kiliyopata. Sisi tunaijua ruzuku ya vyama, na tunajua chama kisichokuwa na wafadhili wakubwa kinavyoitegemea. Vyama vitatu ambavyo haviivi chungu kimoja vikajikuta vimesukumwa chumba kimoja.

Desemba 1 wakatia saini. Liberal na New Democratic Party wangeunda serikali ya mseto, Dion akiwa Waziri Mkuu. Kati ya mawaziri 24, sita wangetoka New Democratic Party, na wizara ya fedha ingebaki kwa Liberal. Bloc Québécois, chama kinachotaka jimbo la Québec liwe nchi huru, hakikupewa hata kiti kimoja cha uwaziri. Chenyewe kiliahidi kitu kimoja tu: kwa miezi 18 hakitaiangusha serikali hiyo kwenye kura za imani.

Hapa nawaomba wasomaji wasipite haraka, kwa sababu ndipo watu wengi wanapochanganya. Kuna kuingia serikalini na kuna kuishikilia serikali ukiwa nje. Anayeingia anapata wizara, anakaa kwenye baraza la mawaziri, na anabeba lawama za kila uamuzi. Anayeishikilia kutoka nje anaahidi kura yake kwenye mambo ya uhai wa serikali, hasa bajeti na kura ya imani, na kwenye mengine yote anabaki huru kupinga. Piga hesabu ya Kanada: 77 na 37 ni 114. Serikali yenyewe ya mseto ingekuwa ndogo kuliko chama cha Harper peke yake! Kilichoifanya iweze kusimama ni wale 49 wa nje, ambao wangeifikisha 163.

Harper hakukaa kimya. Alikwenda kwa wananchi akasema wapinzani wanataka kuchukua madaraka bila uchaguzi, tena kwa msaada wa watu wanaotaka kuivunja nchi. Hoja ya kwanza kisheria haikuwa na mashiko. Yeye mwenyewe Septemba 2004, alipokuwa kiongozi wa upinzani, alitia saini barua pamoja na Layton na Duceppe hao hao, wakimwomba Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia nchini Kanada, atafakari njia nyingine kabla ya kuvunja Bunge iwapo serikali ya wachache ya wakati ule ingeanguka. Lakini kisiasa hoja zake zilipenya. Na Dion alimrahisishia kazi. Wakati wa kampeni alikuwa amekataa wazo la mseto na New Democratic Party. Kisha Desemba 3, siku ya kuwahutubia wananchi kupitia televisheni, kanda yake ilifika vituoni kwa kuchelewa, na picha ilikuwa na ukungu kama imepigwa na mtu asiyejua kurekebisha kamera. Mtu anaomba akabidhiwe nchi, na uso wake hauonekani vizuri.

Kura ya kumwangusha Harper ilipangwa Desemba 8. Desemba 4 alikwenda kwa Gavana Mkuu, Michaëlle Jean, ambaye alikuwa amekatisha ziara yake Ulaya na kurudi nyumbani. Akamwomba asitishe kikao cha Bunge. Gavana Mkuu alimweka zaidi ya saa mbili, kisha akakubali. Bunge likafungwa hadi Januari 26, 2009, na Bunge lisipokaa hakuna kura ya kutokuwa na imani. Katika wiki hizo saba Liberal walimwondoa Dion wakamweka Michael Ignatieff, Harper akarudi na bajeti iliyojaa yale waliyokuwa wanayadai, Liberal wakaipitisha, na mseto ukafa kabla haujaapishwa. Mei 2011 Harper alikwenda kwenye uchaguzi akiwaonya watu juu ya mseto huo huo, akapata viti 166 na zaidi ya nusu peke yake.

Hukumu yangu mimi ni hii. Wale watatu walikuwa na haki kamili ya kufanya walichofanya. Hesabu ilikuwa yao, na Bunge ndilo linaloweka na kuondoa serikali. Lakini haki ya kisheria ni kitu kimoja, na kukubalika na watu ni kitu kingine. Mpiga kura aliyeambiwa Oktoba kwamba hakutakuwa na mseto, akaamka Desemba akaukuta mezani, ana sababu ya kuhisi amechezewa. Kama unajua kwamba ukikosa zaidi ya nusu utatafuta mwenzako, sema mapema, na useme ni nani.

"Basi kaka yangu alikuwa sahihi," kijana akasema, na sauti imepungua.

Alikuwa sahihi kwenye sheria. Na ajue pia kwamba Kanada ilikomea njiani. Zipo nchi zilizofika. Ujerumani Magharibi mwaka 1969, muungano wa vyama vya CDU na CSU uliongoza kwa viti 242, lakini chama cha SPD chenye 224 kikaungana na chama kidogo cha FDP chenye 30, na Willy Brandt wa SPD akawa Kansela, yaani mkuu wa serikali. New Zealand mwaka 2017, chama cha National kilipata 56 kati ya 120. Labour ya Jacinda Ardern yenye 46 ikaunda serikali na New Zealand First yenye 9, huku Greens wenye 8 wakiishikilia. Ureno mwaka 2015 ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu aliyeongoza alipewa nafasi kwanza. Muungano wa Pedro Passos Coelho ulikuwa na viti 107 kati ya 230. Akaapishwa, na siku kumi na moja baadaye Bunge likamwangusha. António Costa wa Socialist, mwenye 86, akachukua kwa kushikiliwa na Left Bloc wenye 19 na muungano wa Wakomunisti na Greens wenye 17. Wachambuzi wengi waliitabiria kifo cha haraka. Ilimaliza muda wake wote wa miaka minne.

Lakini kwa Mwafrika, mfano wa kukaa nao ni Lesotho.

Lesotho ni ufalme mdogo milimani, umezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Bunge lake lina viti 120: 80 vya majimbo, 40 vya uwiano wa kura. Mfalme Letsie III ni mkuu wa nchi, na Waziri Mkuu ndiye mtawala. Februari 2012 Waziri Mkuu Pakalitha Mosisili aligombana na wenzake ndani ya chama chake cha LCD. Akatoka na kundi kubwa la wabunge, akaunda chama kipya, Democratic Congress, na akabaki Waziri Mkuu pasipo hata kurudi kwa wapiga kura. Sheria iliruhusu: wabunge walio wengi walikuwa bado naye.

Mei 26 mwaka huo ukafanyika uchaguzi. Democratic Congress iliongoza kwa viti 48. Chama cha ABC cha Tom Thabane kilipata 30, LCD iliyobaki 26, na chama cha BNP 5. Jumlisha hao watatu: 61. Zaidi ya nusu kwa kiti kimoja tu. Thabane akaapishwa Juni 8, kiongozi wa LCD Mothetjoa Metsing akawa naibu wake, na Mosisili aliyemzidi Thabane kwa viti 18 akaenda kukaa upinzani. Akakabidhi madaraka kwa amani. Barani kwetu jambo hilo lilistahili kupongezwa zaidi ya lilivyopongezwa.

Kilichofuata kinafundisha upande wa pili wa mseto. Ukiwa na 61 kati ya 120, kila mshirika ameshika uhai wako mkononi, hata yule mwenye watano. Thabane na Metsing wakaanza kulaumiana. Naibu akadai bosi wake anaamua mambo mazito bila kumshirikisha. Juni 2014, kura ya kutokuwa na imani ilipokaribia, Thabane akafanya kile alichofanya Harper: akasitisha Bunge, tena kwa miezi tisa. Kanada walisitisha wiki saba, wakarudi, maisha yakaendelea. Lesotho ilikuwa na jeshi lenye mpasuko wa kisiasa ndani yake. Agosti 30, 2014, wanajeshi walivamia vituo vya polisi mjini Maseru, na Thabane akakimbilia Afrika Kusini. SADC iliingilia kati, Cyril Ramaphosa akiwa mpatanishi, na uchaguzi wa mapema ukafanyika Februari 2015. Mosisili akarudi madarakani kwa mseto wa vyama saba. Ule nao haukudumu. Mwaka 2017 kura ya kutokuwa na imani ikauangusha, na Thabane akarudi tena.

Mzee wa drafti alikuwa ameacha kuangalia ubao. "Kwa hiyo ni ndoa ya mkeka," akasema.

Nyingine ni ndoa ya mkeka kweli, mzee wangu. Kinachotofautisha ndoa ya mkeka na ndoa inayodumu ni hati. Mseto imara unaanza na maandishi: sera zipi tunakubaliana, zipi tunaziweka kando, nani anapata wizara gani, tukitofautiana tunakwenda kwa nani, na nani anaruhusiwa kupiga kura tofauti kwenye lipi. Wajerumani hukaa wiki kadhaa wakibishana juu ya hati hiyo kabla ya Kansela kupigiwa kura. Wamejiwekea pia kinga nyingine ambayo ningependa wengi wainakili: huwezi kumwangusha Kansela kwa kumchukia tu. Lazima katika kura hiyo hiyo umtaje atakayekaa badala yake, naye apate zaidi ya nusu. Ndivyo Helmut Kohl alivyomwondoa Helmut Schmidt Oktoba 1, 1982, baada ya FDP kubadili upande. Kwa sheria hiyo, upinzani uliokubaliana kubomoa lakini haukukubaliana kujenga hauwezi kumwondoa mtu.

Na gharama mara nyingi hulipwa na mdogo. Uingereza, Mei 2010, Liberal Democrats wa Nick Clegg walikuwa na viti 57 wakaungana na Conservative cha David Cameron. Kwenye kampeni wabunge wao walikuwa wametia saini ahadi ya kupinga ongezeko la ada za vyuo vikuu. Kabla mwaka haujaisha, serikali waliyokuwa ndani yake ilipandisha kikomo cha ada hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Uchaguzi wa 2015 uliwabakiza na viti vinane. Kutoka 57 hadi vinane! Chama kidogo kinapoingia serikalini kinapata gari la waziri, lakini kinapoteza ile raha ya kusema "sisi hatukuhusika".

Jambo lingine ambalo watu hulisahau ni kwamba "upinzani" si kitu kimoja. Afrika Kusini inamchagua Rais wake bungeni, kwa hiyo hesabu za vizibo zinafanya kazi kule pia. Mwaka 2024 ANC ilipata viti 159 kati ya 400. Vyama vingine vyote kwa pamoja vilikuwa na 241. Kwenye karatasi wangeweza kumwondoa Ramaphosa siku ya kwanza. Lakini 87 vilikuwa vya chama cha DA, 58 vya chama cha MK, na 39 vya chama cha EFF, na DA na EFF hawawezi kukubaliana hata juu ya nani amiliki ardhi. Matokeo yake ni kwamba DA, mpinzani mkuu wa miaka mingi, alikwenda upande wa ANC, na Juni 14 Ramaphosa akachaguliwa kwa kura 283.

Hapo muuza kahawa, ambaye muda wote alikuwa anasuuza vikombe kimya, akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: "Na hapa kwetu je?"

Kwetu haiwezekani kwa namna hiyo, kwa sababu Rais tunamchagua wenyewe moja kwa moja na ndiye mwenye serikali. Vyama vya Tanzania vikitaka kuungana ili kushika nchi, lazima viungane kabla ya kura. Ndivyo UKAWA walivyojaribu mwaka 2015: Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD wakamuunga mkono Edward Lowassa aliyesimama kwa tiketi ya Chadema. Kanada unaweza kusubiri matokeo ndipo uanze kutafutana. Hapa ukisubiri matokeo umechelewa.

Wengine watataja Zanzibar na Kenya. Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar iliridhiwa na wananchi kwenye kura ya maoni ya Julai 31, 2010, na nusu mkate ya Kenya ilitokana na makubaliano ya Februari 28, 2008 baada ya damu nyingi kumwagika. Zote mbili zilizaliwa kama serikali za kugawana madaraka, lakini zilitoka kwenye swali tofauti. Zilikuwa zinauliza: tutawaingizaje ndani mahasimu wawili wakubwa ili nchi itulie? Mseto wa kibunge unauliza: nani ana zaidi ya nusu? Wakati mwingine jibu lake ni kumwacha nje mkubwa kuliko wote.

Hata hivyo mfumo wa kibunge tunao hapa hapa, na wengi hawauoni. Uko kwenye halmashauri. Hakuna mwananchi wa Moshi au Arusha aliyewahi kupiga kura ya kumchagua meya. Tunachagua madiwani, na wao wakikaa ndio wanaomchagua meya miongoni mwao. Machi 2016 Isaya Mwita wa Chadema akawa Meya wa Jiji la Dar es Salaam kwa kura za wajumbe wa vyama vya UKAWA. Ule ulikuwa mseto halisi, kwenye ardhi ya Tanzania. Na Arusha wanakumbuka uzito wa hesabu hizi kuliko mji mwingine wowote. Desemba 2010 uchaguzi wa meya wao ulizua mgogoro, vyama vikibishana nani ni mjumbe halali wa baraza na kama kikao chenyewe kilifuata taratibu. Januari 5, 2011 watu wakaingia barabarani, na kuna waliopoteza maisha siku ile. Waliokufa hawakufa kwa ajili ya urais. Chanzo kilikuwa hesabu ya mikono ndani ya ukumbi mmoja.

Kisha kuna sentensi moja kwenye Katiba yetu ambayo nawasihi mkaisome. Ibara ya 51 inasema Rais atamteua Waziri Mkuu kutoka chama chenye "Wabunge wengi zaidi" bungeni, au, kama hakuna chama cha namna hiyo, mbunge "anayeelekea kuungwa mkono na Wabunge walio wengi". Kisha wabunge wanamthibitisha kwa kura. Tazama maneno hayo taratibu. Kama "wengi zaidi" ingemaanisha kuongoza tu, basi sehemu ya pili haingekuwa na kazi, maana chama kinachoongoza hakikosekani isipokuwa wakitoka sare. Mimi naisoma hivi: "wengi zaidi" pale ni zaidi ya nusu, na walioandika walishaona kwamba siku moja Bunge la Dodoma linaweza kugawanyika kama vizibo vyetu, kumi na moja, vinane, vitano. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 siku hiyo haijafika, kwa sababu CCM imekuwa na zaidi ya nusu kila mara. Lakini sentensi ipo, na siku ikifika, Rais wa chama kimoja anaweza kulazimika kufanya kazi na Waziri Mkuu aliyebebwa na vyama vingine.

Mzee aliinama ubaoni. Alichukua kizibo kimoja kutoka fungu la watano, akakipeleka kwa wale kumi na moja.

"Na huyu akihama?"

Tukahesabu. Kumi na viwili kwa kumi na viwili. Kijana wa bodaboda alipiga mluzi.

"Lesotho ile ya Mosisili anahama na kiti chake," nikamwambia. "Kwetu Ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge wake umekwisha. Kiti kinabaki wazi mpaka uchaguzi mdogo."

"Kwa hiyo huyu hana pa kwenda."

"Anarudi nyumbani kwake."

Mzee akakishika kile kizibo kidogo, akakiweka pembeni, nje ya ubao. Upande mmoja vikabaki kumi na kimoja, upande wa pili kumi na viwili. Akaviangalia kwa muda, kisha wenye drafti wakadai ubao wao.